Punje za Ndizi Nyuma ya Nyumba Yetu Jericho

Mama alipokuja mjini kukaa nami mtaa wa Jericho aliniuliza ni kazi gani hii inayomrudisha mtu nyumbani akiwa hawezi hata kuinua kijiko. Nikamwambia kazi yangu ni kukata. Nakata vichipukizi vya migomba vilivyo ndani ya chupa, kila kipande nakitia kwenye chupa yake, kinakua, nakikata tena.

"Kutwa nzima?"

"Kutwa nzima, mama."

"Umesimama ama umekaa?"

"Nimekaa."

"Sasa unachoshwa na nini?"

Nilitaka kumweleza juu ya shingo, ambayo huinama asubuhi na kukataa kunyooka jioni. Nilitaka kumweleza kuhusu mikono iliyopasuka kwa sababu ya spiriti, maana tunajipangusa nayo kila tunapogusa kitu, na kuhusu kukaa kimya chini ya kitambaa cha mdomo kwa saa nyingi, kwa kuwa pumzi ya mtu ina vijidudu na kijidudu kimoja hutosha kuharibu chupa nzima. Lakini nilikuwa nimechoka. Nikamwambia tule, chakula kinapoa.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, kwa jina la baba. Aliipata akiwa karani wa reli, tukalelewa humo, na alipostaafu yeye na mama wakarudi nyumbani, magharibi, mimi nikabaki nikilipa kodi. Ni chumba kimoja na jiko, na nyuma kuna kipande cha uwanja chenye kamba za kuanikia nguo tunachotumia pamoja na jirani. Baba alifariki huko nyumbani. Mama akaendelea na shamba lake la migomba, naye alikuwa mtu wa migomba kweli. Ukimpigia simu kumuuliza hali yake, alikujibu kwa hali ya migomba.

Halafu ukaja mnyauko. Ugonjwa huu huanza kwa jani moja kugeuka manjano na kulegea, nawe unadhani ni jua. Kisha ndizi zinaiva kabla ya wakati wake, na ukizikata ndani ni nyeusi. Ukikata shina, linatoa maji mazito yenye rangi ya maziwa yaliyoharibika. Hauna dawa. Bwana shamba alipita akawaambia wenye migomba wang'oe kila shina, walifukie, na ardhi ile isipandwe ndizi kwa muda mrefu. Majirani wengine walisitasita. Mama hakusita. Alitafuta watu wawili wa kumsaidia na akashika jembe yeye mwenyewe. Walipomaliza alinipigia simu, na kwa mara ya kwanza hakusema lolote juu ya migomba. Alisema tu, "Nakuja huko kwako."

Alifika na mkoba mmoja. Alikaa kwenye stuli mlangoni akitazama uwanja, na nilipoondoka asubuhi alikuwa hapo, na niliporudi jioni alikuwa hapo. Nilimletea ndizi kutoka sokoni akazisogeza pembeni. Sikumlazimisha. Kwa kweli, siku zile nguvu za kumlazimisha mtu chochote sikuwa nazo.

Maabara yetu ilikuwa Kariobangi, ghorofa ya juu ya jengo ambalo chini lina mafundi wa kuchomelea vyuma. Anayejua kazi ya maabara ya mimea atacheka akisikia hivyo, kwa sababu adui yetu mkubwa ni vumbi, na huko chini walikuwa wakisaga mageti tangu asubuhi. Tulifunga madirisha kwa gundi na karatasi ya plastiki. Mafundi walipowasha mashine zao, taa za chumba chetu cha kukuzia zilififia, zikarudi, zikafifia. Tulikuwa watatu tu: Daktari, yaani mwenye maabara, mwanamke mwenye sauti ya chini aliyesomea mimea hadi mwisho; mwenzangu, dada kutoka Ukambani niliyekata naye kwenye meza moja kwa miaka; na mimi.

Miche ya kawaida tuliijua. Unachukua chipukizi safi, unalikuza kwenye chupa, unaligawa, na mwishowe unapata miche mingi isiyo na ugonjwa. Shida ni kuifikisha kwa mkulima. Ni mizito, imo kwenye trei za udongo, barabara ni mbaya, na inafika imevunjika shingo. Kwa hiyo wakulima wengi huendelea kuombana machipukizi shambani, na ugonjwa unasafiri nayo. Daktari alitaka kitu kingine. Alitaka mbegu.

"Mbegu ya ndizi?" mama aliuliza nilipomwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki kadhaa kumsikia akiuliza kitu. "Ndizi haina mbegu."

"Ndiyo maana tunaitengeneza."

"Mnaitengeneza na nini?"

Nikamweleza, nikiwa nimejinyoosha kitandani na viatu miguuni. Unakata ncha ya chipukizi, ndogo kama punje ya mchele. Unaichovya kwenye uji mzito unaotokana na mwani wa baharini, umetiwa sukari na chakula cha mmea. Kisha unaidondosha, tone moja lenye ncha moja ndani, kwenye maji yenye chumvi ya kalisi. Lile tone likigusa yale maji linaganda kwa nje, linakuwa duara, laini, linalopitisha mwanga. Ukiliinua juu kwenye taa unaona kitu cha kijani kimekaa katikati. Hiyo ndiyo mbegu. Unaweza kuziweka nyingi kwenye kikopo kidogo, ukakiweka kwenye friji, ukampelekea mtu mbali.

Mama alifikiri. "Na ikifika kwa huyo mtu, inaota?"

"Ndani ya chupa, inaota."

"Sijauliza ya chupa. Nauliza ya mchangani."

Hapo aligusa penye shida. Mchangani hazikuota. Tulizijaribu kwenye udongo uliochemshwa, kwenye maganda ya nazi, kwenye mchanga mtupu. Zilikauka zikawa kama mbegu za papai, ama zilioza zikaota ukungu. Kila mara tulibadilisha kitu kimoja: uji ukawa mzito zaidi, sukari ikapungua, tukaongeza dawa ya ukungu. Kila mara tulirudi kwenye meza tukakata ncha nyingine. Mwenzangu alizoea kusema, huku akivua glavu, "Dada, hii kazi ni kama kufua nguo za mtu asiyekuwepo." Nami nilicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka.

Baada ya muda mrefu tulipata kundi moja zuri. Zilikuwa duara kamili, imara kiasi cha kushikwa kwa vidole, na ncha zilizokuwa ndani zilikuwa za kijani kibichi. Daktari alizitazama akasema hizi ndizo tutakazowapelekea mfadhili anayelipia utafiti wetu na kikundi cha wakulima wa kuzijaribu. Tukaziweka kwenye friji, kopo juu ya kopo, tukisubiri vibali vya safari.

Kisha transfoma ya mtaa ikalipuka.

Ilikuwa mchana. Tulisikia mshindo, mafundi wa chini wakapiga kelele, halafu kukawa na ukimya ambao Kariobangi huwa haina. Stima haikurudi siku ile, wala iliyofuata, wala iliyofuata hiyo. Jenereta yetu ndogo ilifanya kazi mpaka ikachoka nayo. Chumba cha kukuzia kilipata joto kama jikoni. Chupa zilianza kutoa jasho kwa ndani, na ndani ya jasho lile ukungu ukatambaa, mweupe kwanza, kisha wa kijivu. Mimi na mwenzangu tulitembea kati ya rafu tukitoa zilizoharibika, mpaka tukagundua ni rahisi zaidi kutoa zile nzima, kwa kuwa zilikuwa chache.

Stima iliporudi Daktari alifungua friji. Makopo yalikuwa vuguvugu. Baadhi ya punje zilikuwa zimegeuka maji na kunuka. Lakini kwenye makopo mengine tuliona jambo ambalo hatukulitarajia: ncha zilikuwa zimetoboa ule uji na kuchungulia nje, kijani, kama ulimi wa mtoto.

"Zimeota," mwenzangu akasema.

"Zimeota zikiwa chafu," Daktari akasema. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Sijawahi kumwona amekaa hivyo. "Siwezi kumpa mkulima hizi, na siwezi kuzirudisha kwenye chupa. Zote ziende kwenye mvuke."

Mvuke ni lile jungu kubwa la presha tunalochemshia kila kitu, safi na chafu, mpaka kisibaki chenye uhai. Tuliingiza chupa siku nzima. Harufu ya ukungu uliochemshwa ni kama ya viazi vilivyosahaulika kwenye gunia, na inashika nywele. Ilipofika zamu ya makopo yale nikasimama nayo mkononi.

"Daktari, naomba haya niende nayo."

"Uende nayo wapi?"

"Nyumbani. Mama yangu yupo tu. Nataka azione."

"Si za kupanda kwenye shamba la mtu," akasema.

"Ni uwanja wa kuanikia nguo."

"Basi chukua, dada. Chukua."

Nilimkuta mama kwenye stuli yake. Nikamwekea makopo mapajani, nikaingia ndani, nikalala na nguo za kazi. Nilipoamka alikuwa ametafuta beseni iliyopasuka, sinia kuukuu na makopo ya siagi, akatoboa vitako kwa msumari, akachemsha udongo kwenye sufuria yangu ya wali. Alikuwa amemimina punje kwenye sahani na kuzipanga kwa ukubwa. Jirani yetu, msichana anayesuka watu nywele barazani, alikuwa amesimama karibu naye na chanuo mkononi.

"Niaje, shosho. Hizi ni nini? Zinakaa kama tapioka."

"Ni ndizi," mama akasema.

"Ndizi? Wacha jokes, shosho."

"Muulize huyu. Ndiye anayezitengeneza."

Nikasema ni kweli ni ndizi. Msichana akainua punje moja, akaitazama kwenye mwanga wa jua, akasema, "Haki ya nani," na akairudisha polepole mahali pake.

Sikutaka mama apate tumaini. Nilimwambia wazi kwamba kwenye udongo wa kawaida karibu zote zitaoza, kwamba tumejaribu na watu waliosoma na vyombo vya bei. Akasema sawa. Akaendelea kupanda.

Nyingi zilioza. Wiki ya kwanza alikuwa akizichomoa kila asubuhi na kuzitupa mbali. Lakini kabla hazijamaliza kuoza wakaja sisimizi. Sikuwa nimewafikiria sisimizi, kwa sababu maabara haina. Ule uji una sukari, nao waliijua. Nilirudi jioni moja nikamkuta mama amepiga magoti uwanjani, akifuata kwa macho msururu wao chini ya kamba za nguo, kila mmoja na kipande cha mbegu yangu kichwani.

"Wanazihamisha," akaniambia. Alikuwa amekasirika. Nilifurahi kumwona amekasirika.

Alizungushia vyombo majivu. Akaweka miguu ya meza ndogo kwenye vikopo vya maji, na juu ya meza akapanga beseni na sinia. Akafunika kila kitu kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga, kama nilivyomfundisha, ili unyevu usitoroke. Alitaka kumwagilia mara nyingi, nikamwambia aache, mizizi haipo bado, maji mengi yanaua. Hilo tulibishana. Mgao wa maji ya bomba ukanisaidia kushinda. Kila siku mbili tatu alinipa habari mlangoni kabla sijavua kiatu: huyu amesimama, huyu ameinama, huyu sijui anafikiria nini.

Zilizobaki zilikuwa chache, unaweza kuzibeba kwa mikono miwili. Lakini zilibaki. Jani la kwanza lilikuwa jembamba kama la nyasi. La pili lilijikunja likafunguka likawa jani la mgomba, na nilipoliona nilikaa kwenye stuli ya mama nikahisi macho yanauma. Nilisema ni spiriti.

Kazini mambo hayakwenda hivyo. Daktari aliandika ripoti, mfadhili akajibu kwa maneno mazuri kwamba hana mpango wa kuendelea. Punje ziliwekwa kando. Tukarudi kwenye miche ya kawaida, na viazi pia, kwa kuwa viazi vina wateja. Mwenzangu alipata kazi kwenye shamba la maua, nje ya mji. Siku yake ya mwisho tulikata pamoja hadi jioni kama kawaida. Alipovua glavu alisema, "Usikae hapa mpaka mgongo ukatae," na sikumwuliza nitakwenda wapi. Nilimsimulia Daktari kuhusu miche ya Jericho. Alikuja siku moja na gari lake kuukuu, akaitazama ikiwa kwenye meza yake ya vikopo vya maji, akamwuliza mama maswali, akaandika. Kisha akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba ni michache mno kuthibitisha lolote. Alisema kweli. Mama alimpa chai.

Miche ilipofika urefu wa kutoka kiwiko hadi vidole, mama alinyoosha mgongo akasema anarudi nyumbani nayo.

"Ardhi haijapona, mama."

"Sitapanda pale. Nitapanda upande wa zizi, hapajawahi kuwa na mgomba."

"Na nani atakusaidia?"

"Nani alinisaidia mwanzo?"

"Mwanzo hukuwa na umri huu."

Alikunja leso. Kisha akasema, si kwa ukali, "Mama, wewe unatoka asubuhi unarudi huna hata neno. Mimi nakaa nakungoja uchoke. Hiyo si kazi ya mtu mzima."

Ananiita mama akinibembeleza, tangu utotoni. Nilitaka kubisha zaidi lakini nilijiona nikihesabu kichwani vile nyumba itakavyokuwa kimya, na sehemu yangu fulani ilikuwa inaona afadhali. Nikamwambia sawa. Tulipanga miche kwenye katoni ya sabuni, tukaizungushia magazeti yaliyoloweshwa. Msichana wa nywele ndiye aliyebeba katoni mpaka stendi, akiipigia kelele kila bodaboda iliyotukaribia. Mama alikataa isiwekwe chini kwenye buti la basi. Aliipakata.

Mmoja ulikufa njiani. Mingine miwili ng'ombe aliila, kwa kuwa mama alipanda karibu na zizi kama alivyotaka. Alinipa habari hii kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeripoti kifo cha jamaa wa mbali, kisha akaingia moja kwa moja kwenye hali ya ile iliyobaki, na nikasikiliza, nimekaa kitandani, simu imebanwa begani, nikijipaka mafuta kwenye nyufa za vidole.

Nilikwenda kumwona Krismasi ya pili. Nilifika adhuhuri nikiwa nimechoka kwa safari na kwa mwaka mzima. Migomba ilikuwa mirefu kuliko mimi, imesimama upande wa zizi, si mingi, majani yamepasuliwa na upepo kama majani ya migomba yote. Mmoja ulikuwa mfupi, umekunjamana, majani yana mistari myeupe. Hutokea hivyo ukikata kizazi juu ya kizazi kwenye chupa. Mmea unapotoka haufanani na mama yake. Nilimwambia mama autoe.

"Kwani unakusumbua?"

"Hautazaa."

"Nimeuliza kama unakusumbua."

Uliachwa. Mwingine ulikuwa na mkungu, mdogo bado, na ua lake la zambarau linaning'inia. Nilisimama chini yake. Nilitaka kuhisi kitu kikubwa. Nilikumbuka ile ncha ndogo nilivyoikata, au labda mwenzangu ndiye aliyeikata, hakuna wa kujua, na nikafikiria zile nyingine zote tulizochemsha kwenye mvuke. Kisha nikaona kwamba mama ameniwekea mkeka kivulini.

"Lala," akasema.

"Nimefika sasa hivi, mama. Hata sijasalimia watu."

"Watasubiri."

Nililala mchana kweupe, na kuku wakipita miguuni. Kwa mbali nilisikia mwanamke jirani amekuja kuuliza kama atapewa machipukizi yakitoka, na mama akimwambia atampa, lakini aje na jembe lililooshwa kwa dawa, na asilete viatu vya shambani kwake. Yule jirani alilalamika. Mama akaanza kumweleza kuhusu ugonjwa, tangu mwanzo, jani la kwanza, rangi ya maji ya shina, na alipokuwa katikati ya maelezo hayo usingizi ukanichukua tena.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka. Mama alikuwa akimenya viazi.

"Umekoroma," akasema. "Jirani amecheka."

Nikamwomba maji ya kunawa uso. Nilikuwa na siku chache tu kabla ya kurudi Kariobangi, na bado kulikuwa na watu wa kusalimia.